Kadi ya PR imeisha ukiwa nyumbani: namna ya kuomba hati ya kurudi Kanada

Binamu yangu alinipigia saa tano usiku kwa saa za Ontario. Kwao kulishapambazuka, na alikuwa amesimama kaunta ya ndege na mabegi mawili, moja likinuka dagaa. Mhudumu alikuwa ameishika kadi yake ya PR, yaani kadi ya mkaazi wa kudumu wa Kanada, kwa ncha za vidole na kumwonesha tarehe: imeisha siku tisa zilizopita. Hapandi. "Kaka, wamenifuta," akaniambia, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Hawakuwa wamemfuta. Kadi ikiisha, ukaazi wa kudumu unabaki palepale. Ukaazi unaondoka kwa mambo machache tu: ukipata uraia, ukiukana mwenyewe kwa maandishi, ukipewa amri ya kuondolewa nchini iliyokwisha kuanza kazi, au ofisa akiamua kwamba hukutimiza siku zinazotakiwa za kukaa Kanada na uamuzi huo ukawa wa mwisho. Kuna na njia moja inayowahusu waliokuja kama wakimbizi, nitaifikia. Kadi yenyewe ni ushahidi tu. Ila shirika la ndege likimpakia abiria asiye na hati sahihi linatozwa na serikali ya Kanada, kwa hiyo yule mhudumu wa kaunta hana hamu ya kusikia hadithi yako.

Dawa yake inaitwa PRTD, hati ya safari ya mkaazi wa kudumu. Nyumbani Tanzania ukisema hati ya kusafiria mtu anaelewa pasipoti, na mkanganyiko unaanzia hapo. Hii si kitabu. Ni stika inayobandikwa ndani ya pasipoti yako, kwa kawaida ya kuingia mara moja. Inamhusu mkaazi wa kudumu aliye nje ya Kanada, asiye na kadi hai mkononi (imeisha, imepotea, imeibiwa au hakuwahi kuipata), na anayerudi kwa ndege, basi, treni au meli. Kama umeshakuwa raia, hii haikuhusu. Wewe tafuta pasipoti ya Kanada. Na usijaribu kuomba viza ya matembezi kama njia ya mkato. Mkaazi wa kudumu hapewi viza ya matembezi, maana kisheria yeye si mgeni.

Kabla ya kulipa chochote, hesabu siku

Sehemu hii usiiruke hata kama una haraka. Watu wengi hudhani wanaomba stika tu, kama kurudishiwa laini ya simu iliyopotea. Kumbe ukituma ombi la PRTD unamwita ofisa akukague: je, umekaa Kanada kiasi cha kutosha? Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, kifungu cha 28, inadai siku 730 ndani ya kila kipindi cha miaka mitano. Miaka hiyo mitano inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ombi lako linapopokelewa. Si tangu ulipopata kadi, wala si tangu kadi ilipoisha.

Chukua mfano wa mama mmoja wa kubuni, mkaazi wa kudumu tangu 2017, ombi lake linapokelewa tarehe 10 Machi 2025. Dirisha lake linaanzia 10 Machi 2020. Siku hiyo alikuwa Kanada, akakaa mpaka 14 Desemba 2021 alipopanda ndege kwenda Tanga kumuuguza mamaye. Hizo ni siku 645. Akarudi Kanada 2 Juni 2022, akaondoka 30 Agosti: siku 90. Jumla 735. Amevuka kwa siku tano.

Sasa tuseme anajizungusha: leo picha, kesho kodi ya nyumba, keshokutwa harusi ya jirani. Kila siku anayochelewa, dirisha linasogea mbele na kuidondosha siku moja ya Machi 2020 aliyokuwa Kanada, huku upande wa pili hakuna siku mpya inayoingia kwa sababu yuko Tanga. Ombi likipokelewa 15 Machi ana 730 kamili. Likipokelewa 16 Machi ana 729, na sasa ni mtu aliyeshindwa kutimiza masharti.

Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, hata ukiwa umekaa saa mbili tu ndani ya mpaka. Siku ulizoishi Kanada kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu, ukiwa mwanafunzi au mfanyakazi wa muda, hazihesabiwi hapa. Zile zinaweza kukusaidia kwenye uraia, na hesabu ya uraia ni nyingine kabisa. Kama hujafikisha miaka mitano tangu upate ukaazi, ofisa anaangalia kama bado unaweza kuzifikisha 730 kabla miaka mitano haijakamilika.

Zipo pia siku za nje zinazohesabiwa kana kwamba ulikuwa ndani. Uko nje pamoja na mume au mke wako ambaye ni raia wa Kanada, siku zako zinahesabiwa. Mtoto aliye nje na mzazi raia vivyo hivyo. Ukiwa umeajiriwa muda wote na biashara ya Kanada, au na serikali kuu au ya jimbo, na wakakupeleka kazini nje, nazo zinahesabiwa. Mwenzi au mtoto wa mkaazi wa kudumu aliyepelekwa kazini namna hiyo naye anaingia. Hiyo "biashara ya Kanada" iwe biashara kweli. Kampuni iliyosajiliwa na shemeji kule Brampton ili ikuandikie barua haipiti, kanuni zimeitaja hila hiyo waziwazi.

Kaa na pasipoti zote, mpya na ile ya zamani iliyokatwa pembe, ujaze jedwali: nimetoka lini, nimeingia lini, nilikuwa wapi, kwa nini. Usitegemee kumbukumbu. Tatizo ni kwamba Kanada haigongi muhuri wa kutoka, na kwenye viwanja vyake mkaazi akipita kwenye mashine mara nyingi hagongewi hata wa kuingia. Hivyo mihuri ya kwetu ndiyo inayosema: muhuri wa kuingia Nairobi au Dar es Salaam unaonesha kwamba siku hiyo ulikuwa umeshatoka huko. Pale ambapo mihuri imefifia, omba taarifa ya safari zako kutoka shirika la mpaka la Kanada, CBSA. Ni haki yako kuomba taarifa zako binafsi, na kwa njia hiyo hulipii. Ila usingoje mpaka siku ya mwisho ndipo uombe.

Ushahidi

Jedwali bila karatasi ni maneno. Wanataka nakala za kurasa za pasipoti ulizotumia miaka mitano iliyopita, na mimi husema kurasa zote, hata zilizo tupu, maana ukurasa uliorukwa unazua maswali. Weka kitambulisho kinachoonesha wewe ni mkaazi: nakala ya kadi iliyoisha, au ile karatasi uliyopewa siku ya kwanza kutua. Halafu ushahidi kwamba uliishi huko kweli.

Wenye nguvu zaidi kwa maoni yangu ni ule unaotoka kwa mtu asiye na sababu ya kukupendelea. Barua ya tathmini ya kodi ambayo wote tunaiita NOA, hati za mshahara, T4 (karatasi ya mwajiri ya mapato yako ya mwaka), taarifa ya benki inayoonesha ulinunua mkate Scarborough Jumanne fulani, mkataba wa pango, rekodi za shule za watoto. Barua ya mchungaji au imamu ni nzuri kama nyongeza, si kama nguzo. Angalia NOA isikuponze: inaonesha ulijaza kodi, haioneshi ulikuwepo. Mtu anaweza kujaza kodi ya Kanada akiwa Mwanza.

Kadi imepotea au imeibiwa? Ripoti polisi kwanza. Kenya utachukua abstrakti, Tanzania utachukua ile taarifa ya kupotelewa. Kisha kuna tamko la kiapo la kadi iliyopotea, fomu IMM 5451. Ukiiona kadi baadaye nyuma ya droo, usiitumie. Ukishaitangaza imepotea, imekufa.

Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa lazima itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Wakongo na Warundi wanapumua hapa, vyeti vyao vya Kifaransa vinapokelewa kama vilivyo. Lakini barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri wa mtendaji, iliyoandikwa "Yah: Utambulisho wa mkazi", ofisa hataisoma. Nimewahi kuona mtu anaambatanisha barua nne nzuri za Kiswahili kutoka hospitali bila tafsiri hata moja. Zilikuwa sawa na kutotuma kitu.

Fomu

Fomu ya PRTD ipo kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada. Kila mtu ana yake, hata mtoto wa miaka miwili.  Fomu za idara ya uhamiaji, IRCC, mara nyingi hazifunguki kwenye simu, utaandikiwa tu usubiri, nawe utasubiri mpaka betri iishe. Pakua kwenye kompyuta, fungua kwa programu ya Adobe Reader. Kama huna kompyuta nenda steshenari ya kuchapisha unayoiamini, na ukimaliza ufute mafaili yako kwenye mashine yao. Watu huacha pasipoti zao zimetapakaa kwenye dawati la kompyuta za watu.

Kwenye historia ya makazi na kazi usiache pengo. Kama ulikaa miezi minane bila kazi, andika hukuwa na kazi na ulikuwa unaishi wapi. Sehemu ya siku ulizokuwa nje ya Kanada ndiyo moyo wa fomu: tarehe zilingane na jedwali lako, jedwali lilingane na mihuri. Kama kuna tarehe huikumbuki barabara, sema hivyo kwenye barua ya maelezo badala ya kubuni. Tarehe ya kubuni ikigunduliwa ni udanganyifu, na udanganyifu unaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka mitano.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi tuna tabia ya kuwa Mwanaidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaid kwenye kadi na Idi wa nani sijui kwenye ndoa. Kama majina yamepishana, eleza kwa mistari miwili na uweke ushahidi.

Kutuma na kulipa

Ada ni dola 50 za Kanada kwa kila mtu, inalipwa mtandaoni kwa kadi ya benki, na risiti unaiambatanisha. Kadi nyingi za kwetu zinagoma kwenye malipo ya nje mpaka benki ikufungulie, kwa hiyo piga simu benki kabla. Ndugu akikulipia kutoka Kanada si kosa.

Ombi unalituma kupitia tovuti ya IRCC ya maombi ya ukaazi wa kudumu, ukifungua akaunti yako mwenyewe. Fungua kwa barua pepe yako, si ya kijana wa steshenari. Majibu yote, pamoja na maagizo ya kupeleka pasipoti, yatakuja huko, na watu wamepoteza wiki nzima wakimtafuta kijana aliyehamia Dodoma na nywila yao. Baadaye utaelekezwa kupeleka pasipoti, mara nyingi kupitia kituo cha maombi ya viza. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vipo. Kituo hakiamui lolote, kinapokea na kurudisha. Ukimuuliza wa dirishani kama utapita, atakujibu kwa adabu tu.

Hakikisha pasipoti yenyewe ina uhai wa kutosha kabla hujaanza. Stika haiwezi kuishi kuliko kitabu kilichoibeba.

Una dharura, msiba au mgonjwa mahututi kule? Andika hivyo mwanzo kabisa wa barua ya maelezo, na weka uthibitisho: barua ya daktari, cheti cha kifo, barua ya mwajiri. Neno dharura bila karatasi halimharakishi mtu. Na tafadhali usinunue tiketi isiyorudisha pesa kabla ya stika kuwa mkononi.

Ukimtumia mtu akuwakilishe, jaza IMM 5476. Anayelipwa lazima awe mwanasheria au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria cha Kanada, notari wa Quebec, au mshauri mwenye leseni ya bodi ya washauri wa uhamiaji, CICC. Orodha yao iko wazi mtandaoni, mtafute kwa jina. Wale wa "mimi nina mtu wangu ubalozini" hawana mtu. Kaka au dada anaweza kukusaidia bure.

Siku hazikutosha

Hapa polepole. Ukiomba PRTD na siku zako hazifiki, na huna sababu, ofisa anaweza kukataa na kuamua kwamba umevunja sharti la ukaazi. Kwa hiyo usijaribu bahati tu kwa sababu ni dola 50.

Sheria imeacha mlango wa ubinadamu. Ofisa anapaswa kupima hali yako: kwa nini uliondoka, kwa nini hukurudi mapema, una mizizi gani Kanada, na masilahi ya mtoto anayeguswa na uamuzi. Kumuuguza mzazi, ugonjwa wako mwenyewe, mtoto aliyebebwa na wazazi akiwa hana sauti: hayo ni mambo yanayosikilizwa. "Biashara ilikuwa inaenda vizuri huku" ni gumu zaidi. Barua yako ifuate kalenda. Januari mama alipooza, hii hapa barua ya hospitali. Machi dada aliyekuwa anasaidia akajifungua, hiki hapa cheti. Septemba nilikata tiketi, hii hapa, ikaahirishwa kwa sababu hii. Ofisa aweze kupitisha kidole mwezi kwa mwezi asikute shimo.

Ukikataliwa una siku 60 tangu kupokea uamuzi wa maandishi kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji, na ukaazi wako haujafa mpaka rufaa imalizike. Kama ulikuwa Kanada walau mara moja ndani ya siku 365 zilizopita na umekata rufaa, sheria inakuruhusu kupewa hati ya kurudi kuisubiri huko. Watu wengi hawalijui hili, wanaikunja barua ya kukataliwa na kuiweka kabatini hadi siku 60 zinapita.

Utasikia pia habari ya kupitia Marekani na kuingia kwa gari binafsi. Ni kweli mkaazi wa kudumu ana haki ya kuingia akithibitisha ni mkaazi, na gari binafsi haliulizi PRTD. Lakini Mtanzania, Mkenya au Mkongo anahitaji viza ya Marekani kufika hapo, na ofisa wa mpakani naye anaweza kuhesabu siku zako na kuandika ripoti. Njia ni halali, ila mkaguzi hukumkwepa.

Na kama kusema kweli hutaki tena kuishi Kanada, unataka tu kwenda harusi ya mwanao, unaweza kuukana ukaazi kwa hiari halafu uombe viza ya matembezi kama mtu mwingine. Viza hiyo haina dhamana. Jipe muda wa kufikiri, kwa sababu ukishasaini hakuna kurudi nyuma.

Waliofika kama wakimbizi

Kwa waliotoka kambi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, suala la siku 730 linaweza kuwa dogo kuliko hili. Tangu Desemba 2012, mkimbizi aliyekwisha kuwa mkaazi wa kudumu anaweza kuondolewa ulinzi, na ukaazi ukaondoka papo hapo, kama ameonekana kujirudisha chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Kuchukua pasipoti ya Kongo au Burundi na kuingia nayo Bukavu au Bujumbura ni aina ya jambo linalotumika kama ushahidi. Kwa hiyo kabla hujaomba pasipoti ya kwenu ili upate mahali pa kubandika stika, ongea na mwanasheria. Hati ya safari ya mkimbizi inayotolewa na Kanada ndiyo hati yako. Haikufikishi nchi uliyoikimbia, na peke yake bila kadi ya PR au PRTD haikurudishi Kanada.

Njia ya ndege

Kadi ya PR iliyo hai huwasaidia wengi wetu kupita viwanja vya Uingereza bila viza ya kupita. Ikiisha, msamaha huo usiutegemee, hata kama una stika ya PRTD. Uliza shirika lako na uangalie kanuni za nchi utakayobadilishia ndege. Binamu yangu tulimpitisha Addis Ababa, moja kwa moja hadi Toronto, tukaepuka maswali.

Ukishatua, omba kadi mpya kwa fomu IMM 5444, dola 50 nyingine, ukiwa umekaa ndani ya Kanada kweli. Kama siku zako ni za kubahatisha, ongea na mshauri kwanza, maana ombi la kadi nalo linafungua hesabu ileile. Kadi haitumwi nje ya nchi. Kuna watu humwachia ndugu awaombee huku wao wako Mombasa. Fomu inataka uwe ndani, na hapo tumerudi kwenye udanganyifu. Kadi inayobakiza chini ya miezi tisa inaweza kuombewa mpya, kwa hiyo anayepanga safari ndefu ya nyumbani aanze hapo kabla ya kufunga mabegi. Binamu yangu kadi yake ilikuja kwenye sanduku langu la barua. Siku hiyohiyo nilimwona anaipiga picha mbele na nyuma, akaituma kwa mkewe, kwangu, na kwa namba yake mwenyewe.